Kengele Niliyokataa Kuizima

Nyinyi mlioniomba nizungumze, na nyinyi mtakaosoma haya baadaye, nawaambia mapema kwamba sikuja kuwabembeleza. Naambiwa wengi wenu mwasomea vyombo vya kupimia gesi, na kwamba huko bara watu wapanga kuisukuma gesi ya kaboni chini kabisa ya miamba, ikae huko isirudi juu. Vyema. Mtaajiriwa, mtapewa kofia ngumu na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, mtakabidhiwa leza za kuchunga gesi isivuje. Na ipo siku mkubwa wenu atawajia na tabasamu lake, awaambie, hebu izimeni hiyo kengele, yatusumbua. Mimi niliambiwa hivyo. Nilikataa, nikahamishiwa stoo kupanga nati na mipira ya mabomba mpaka nilipostaafu, na mtu akiniuliza leo kama najuta, nitamuuliza yeye kama ana akili timamu.

Siku hiyo aliyekuwa ashuke kisimani ni Bakari, mume wa mdogo wangu. Tutafika huko. Msinikimbize.

Naitwa Salma. Nimezaliwa Mji wa Kale na nimezeekea hapohapo. Kampuni yetu ilikuwa na yadi ukingoni mwa mji, kama unaelekea Makadara, na chini ya yadi ile yalifukiwa matangi ya gesi ya kaboni. Ni gesi ileile inayotiwa kwenye soda ikakupanda puani, na hiyohiyo hutengenezewa barafu kavu ya kusafirishia samaki, na hutumiwa melini kuzimia moto. Shimo la matangi lilichimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, na jiwe letu mwalijua: limejaa matundu na mianya, maji yapita, hewa yapita, kila kitu chapita. Aliyechagua kufukia matangi mahali pale hakuuliza mwenyeji yeyote.

Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Haikukereketi koo ukashtuka ukakimbia. Ni nzito kuliko hewa, basi hutambaa chini na kujaza kila shimo inalolikuta. Mtu akiingia humo magoti humlegea, akaanguka. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Ndiyo maana kazi yangu ilikuwa kuiona kabla haijafika kwa watu, na jicho nililopewa ni leza.

Leza yetu ilifungwa kwenye nguzo moja, ikatupa mwale usioonekana mpaka upande wa pili wa yadi. Kule kulikuwa na kioo maalumu cha kuurudisha mwale ulikotoka. Mwale ule ni wa namna moja tu, namna ambayo gesi ya kaboni huimeza. Ukirudi umepungua kidogo, ni hewa ya kawaida, maana kila hewa ina kaboni yake. Ukirudi umepungua sana, kuna kitu. Hiyo ndiyo elimu yote. Yaliyobaki ni kupangusa vumbi na kugombana na watu.

Na kupangusa si mchezo, wanangu. Chumvi ya bahari hukaa juu ya kioo kila siku ya Mungu. Usiipanguse kwa maji ya mfereji, yataacha madoa. Tumia maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, na kitambaa chako kiwe leso kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalegea. Leso mpya ina dondo, ule wanga wa kiwandani, itakukwaruza kioo, na kioo kilichokwaruzwa kitakusingizia gesi isiyokuwepo. Tena usiilenge leza adhuhuri. Nguzo ya chuma hujipinda kwa jua, wewe usiione, na jioni mwale wote uko nje ya kioo. Ilenge asubuhi, urudi kuikagua jua likipanda. Mimi leso zangu za kazi nilizichagua mwenyewe, na ole wake aliyezigusa kufutia mikono.

Kunguru nao! Kioo kile kinang'aa, na kunguru wa Mombasa hamuachii mtu kitu king'aacho. Nilifunga waya, nikatundika vipande vya kanda, nikawatukana. Wakazoea. Lakini kunguru si kitu mbele ya dereva wa tuktuk. Asubuhi moja nafika yadini, kioo hakipo, nguzo iko tupu. Wiki hiyohiyo nilikuwa Makadara nanunua bajia, nikakiona kioo changu kimebandikwa nyuma ya tuktuk, kimezungushiwa taa za rangi. Nikamsimamisha.

"Hiki umekipata wapi?"

"Nimekiokota, mama."

"Umekiokota juu ya nguzo, ndani ya ukuta?"

Akacheka, haramia yule, akasema usiku magari ya nyuma yamuona vizuri sana. Nikapanda tuktuk yake, nikamwambia aipeleke yadini pamoja na mimi na kioo. Alikiweka mahali pake kwa mikono yake, na kusema kweli alikifunga madhubuti kuliko sisi.

Aliyenifundisha kazi hii ni Bwana Wekesa. Mtu wa Bungoma, Mkristo asiyekosa kanisa, alikaa Tononoka miaka na mikaka baada ya kuwa fundi wa vyombo vya reli. Sisi watu wa pwani twapenda kujiona twajua kusema. Yeye alisema machache, tena kwa Kiswahili chake cha bara, nasi tulimcheka, na bado ndiye aliyetufundisha sote. Nilipoanza, wanaume kadhaa pale walikuwa na maneno yao: mwanamke na buibui lake atapandaje ngazi. Bwana Wekesa aliwaambia, "Hiyo ngazi haijauliza." Kisha akanishikia ngazi nikapanda, na nikaendelea kupanda mpaka goti lilipokataa.

Siku moja ng'ambo ya ukuta kulikuwa na arusi. Kuni zimewashwa, masufuria ya biriani yamepangwa njia nzima. Kipimo cha leza kikapanda, kikapanda, mimi nikapiga king'ora. Yadi yote tukatoka mbio hadi barabarani, kofia vichwani, tukasimama tunahema mbele ya wapishi. Mpishi mmoja akatutazama, akatazama masufuria yake, akauliza, "Nyote hawa mumealikwa?"

Kesho yake nilikuwa sitaki hata kuonekana. Bwana Wekesa akanivuta pembeni. "Salma, mashine haikudanganya. Moto wa kuni unatoa gesi ileile ya kaboni. Lakini inatoka ikiwa ya moto, inapanda juu. Ile ya tangi inatoka baridi, inalala chini. Wewe leza yako iko kifuani, na kifuani zote zinapita. Weka ingine hapa." Akagusa kifundo cha mguu wake.

Lishikeni hilo, kwa kuwa limeokoa roho. Moto ukiwa karibu, kipimo cha mwale wa juu huruka na kucheza kwa upepo, cha chini hakitikisiki. Tangi likivuja, cha chini huanza kupanda polepole, na cha juu hakijui lolote. Nikachukua leza kuukuu iliyokuwa imetupwa stoo, nikaisafisha, nikaifunga kando ya ukuta wa upande wa mteremko, chini kabisa kwenye kifundo cha mguu. Basi paka wa Mji wa Kale wakaigeuza baraza. Anakuja mmoja, anakaa katikati ya mwale, anajilamba, mashine inalia kwamba njia imezibika. Namfukuza, anakuja nduguye. Meneja wetu, Bwana Anwar, akaipa jina: leza ya paka. Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka, na leza ikabaki palepale.

Bwana Anwar hakuwa mtu mbaya, nisije nikamdhulumu. Mamangu alipofariki alikuja matangani siku zote tatu. Lakini alipenda utulivu kupita kiasi, na utulivu wake ulivurugwa na Alhamisi.

Mila ya mtaa mwaijua. Alhamisi jioni, kuukaribisha usiku wa Ijumaa, nyumba hufukizwa. Kila mlango una chetezo chake, makaa mekundu, udi na ubani juu yake. Makaa ni makaa, basi Magharibi ikikaribia leza za juu zilikuwa zapanda zote kwa pamoja na kengele yalia mtaa mzima. Mabibi walichungulia madirishani wakapiga kelele, "Mashine ya Salma nayo yataka kufukizwa! Mpelekeeni chetezo!" Nilizoea kutaniwa. Bwana Anwar hakuzoea kulalamikiwa. Akaagiza kompyuta izinyamazishe leza kila Alhamisi, kuanzia Alasiri mpaka Ijumaa asubuhi.

Nikamwambia, "Bwana Anwar, gesi haina kalenda."

"Bi Salma, majirani wamechoka na mimi nimechoka. Na hiyo ya paka uizime pia."

"Hiyo sizimi. Hiyo haioni udi, yaona chini tu."

"Nakuamuru."

"Basi njoo uizime kwa mkono wako."

Hakuja. Leza ile kuukuu kompyuta haikuiamuru; ilimpasa apige magoti vumbini kuifikia swichi, na suruali yake ilikuwa imepigwa pasi. Akaniambia tutaona. Kwa hivyo, kila Alhamisi, kampuni nzima ilikuwa imefumba macho isipokuwa jicho moja la kifundoni, ambalo kila mtu alilifanyia mzaha.

Sasa sikilizeni ya Bakari.

Mtaa wetu una ada nyingine. Siku za mwisho za Shaaban, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kisima cha msikiti husafishwa. Matope hutolewa, kuta husuguliwa, ili mfungo uwakute watu na maji safi ya udhu. Msikiti wenyewe uko uchochoro mmoja chini ya yadi yetu. Na ukoo unaosafisha visima ni wa akina Bakari, toka babu yake. Mwaka ule walichagua Alhamisi baada ya Alasiri, jua limepoa, ili Ijumaa kisima kiwe tayari.

Mimi nilikuwa kibandani kwangu natazama mistari ya vipimo vya leza. Za juu zimenyamazishwa, kama kawaida. Ya chini ikaanza kupanda. Haikuruka wala haikucheza, ilipanda tu, laini, bila kukatika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu adhuhuri hakuna paka hata mmoja aliyeukata mwale ule. Nikatoka nje nikavuta pumzi. Hakuna harufu ya udi. Ilikuwa Alasiri bado, nani amewasha chetezo saa hizo? Nikampigia Bwana Anwar, aliyekuwa ofisi kuu mjini.

"Ya chini yapanda. Funga matangi."

"Leo siku gani, Bi Salma?"

"Alhamisi."

"Basi ni udi."

"Alasiri ndiyo kwanza imetoka, bwana. Nani afukiza saa hii?"

"Pengine mtu ana wageni." Wallahi ndivyo alivyosema. Kufunga matangi kulitaka idhini yake, na meli ilikuwa yangojea gesi bandarini. Nikamwambia uchochoro wa chini watu wako kisimani mwa msikiti. Akasema, "Bi Salma, ukitoka hapo ukaenda kuwatia watu hofu na kutuaibisha, kesho tutazungumza mengine. Waambie ni udi."

Nikachukua leza ya mkono, ile yenye mpira mrefu wa kuvutia hewa, nikatoka. Buibui, buti, kofia ngumu. Mimi si mtu wa kukimbia, siku hiyo nilikimbia.

Nafika uani mwa msikiti, wanaume wamejaa. Kamba ziko tayari, ndoo ziko tayari, na Bakari ameketi kwenye mdomo wa kisima, kamba kiunoni, mguu mmoja umeshaingia.

"Bakari! Usishuke!"

"Shemeji, salama? Mbona wahema hivyo?"

"Kisima kina gesi. Toa mguu."

Akacheka kwa upole wake. Mkitaka kumjua Bakari, ni mtu ambaye hata akikukatalia utadhani amekubali. "Shemeji, hofu ondoa. Nimeteremsha taa. Tazama mwenyewe, yawaka."

Nikainama nikatazama. Kweli ilikuwa yawaka, chini kabisa, nyeupe. Na pale ndipo nilipofahamu kosa lenyewe. Marehemu babake Bakari alikuwa hashuki kisimani kabla ya kuteremsha kandili kwa kamba. Kandili ikifika chini ikiwaka, alishuka. Ikizimika, alikunja kamba zake akaenda zake nyumbani, na hakuna aliyemlaumu. Bakari aliishika ada ya baba yake, hakuiacha hata mara moja. Ila kandili ilivunjika zamani, naye akanunua tochi ya betri, nzuri, haiingii maji. Alikuwa ameteremsha tochi.

"Bakari, hiyo tochi haihitaji hewa! Hiyo itawaka hata ndani ya tangi lenyewe!"

Nikateremsha mpira wa leza ya mkono. Haukufika hata nusu ya kisima, mashine ikalia mpaka ikakwama kwenye kipimo cha mwisho. Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Bi Salma, mashine zako kila Alhamisi zalia. Leo ni zamu yetu?" Mwengine akaniuliza mwanamke atafuta nini kisimani mwa msikiti. Hayo ndiyo malipo ya kengele iliyonyamazishwa, wanangu. Ukiizima mara nyingi, siku inaposema kweli hakuna anayeisikia.

Mfuniko wa mbao ulikuwa pale kando. Nikauburuta nikafunika nusu ya kisima, na mimi mwenyewe nikakaa juu yake, buibui na buti na kila kitu. Nikasema, "Anayetaka kushuka aninyanyue kwanza." Hakuna mwanaume wa Mji wa Kale atakayemnyanyua mke wa watu uani mwa msikiti, na hilo nililijua nilipokaa.

Mwadhini wetu, Mzee Twaha, ndiye aliyeniokoa na kelele. Akauliza, "Wataka nini, binti yangu?"

"Nataka mshumaa na ndoo."

Mshumaa ukaletwa kutoka dukani. Tukaugandisha ndani ya ndoo, tukauwasha, tukateremsha taratibu kupitia upande ulio wazi. Mwali ulisimama vizuri, halafu ukawa mfupi, halafu ukazimika. Tochi kule chini bado yawaka.

"Upepo," akasema yule aliyenicheka.

"Upepo gani ndani ya kisima, yakhe?" Mzee Twaha akamjibu. Tukaivuta ndoo, tukauwasha tena, tukateremsha. Ukazimika palepale ulipozimika kwanza. Safari hii hakuna aliyesema upepo. Baadaye mafundi walipochimba walikuta mshono wa bomba umepasuka, gesi yapita kwenye mianya ya jiwe mpaka kisimani. Lakini pale uani hatukuhitaji fundi wa kutuambia. Wote tulikuwa twamtazama Bakari, na Bakari alikuwa autazama mguu wake uliokuwa bado uko ndani.

Simu yangu ikalia. Bwana Anwar.

"Umeshawaambia ni udi?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na ningeyasema, ulimi wangu mwaujua. Badala yake nikampa Bakari simu.

Bakari akaishika kwa adabu zake zote. "Asalaam aleikum, bwana. Mimi ni Bakari, ndiye niliyekuwa nishuke. Nasikia wasema ni udi." Akasikiliza kidogo. "Sawa. Basi kama ni udi, karibu msikitini. Kamba ziko tayari. Ushuke wewe, mimi nitakushikia."

Halafu sote tukamsikia Bwana Anwar akipaza sauti kumwita mtu, afunge matangi, ayafunge yote, sasa hivi.

Bakari akanirudishia simu. Akautoa mguu wake taratibu, akaanza kufungua kamba kiunoni, fundo likamshinda, ikabidi Mzee Twaha amfungulie. Kisha akasogea akakaa karibu nami juu ya mfuniko, akaninong'oneza, "Shemeji, tafadhali, usimwambie mdogo wako."

Nikamwambia, "Wallahi nitamwambia leo leo."